Paa Ambalo Hakulipanda

Habari za kifo cha Muniru nilizipata kwa mtu aliyekuwa akinunua misumari.

Ilikuwa Machi, mwaka wa 1969, hapa Busia. Nilikuwa nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, mahali ninapokaa tangu mume wangu Osborn alipofariki. Mteja mmoja alitaka misumari ya mabati, ile yenye kichwa kama mwavuli, na alitaka mingi. Mwenye duka akamuuliza kwa mzaha kama anashindana na Muniru wa Tororo.

"Muniru hashindani tena na mtu," yule mteja akasema. "Walimzika Jumatano. Homa ya siku nne tu."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga. Sindano ilifika mwisho wa kitambaa, ikatoka, ikaendelea kushona hewa. Niliitazama mpaka uzi ukakatika.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Waislamu hawamkawizi maiti wao. Watu walikuwa wamekwisha kutupa udongo, wamenawa mikono na kurudi kazini, na mimi bado nilikuwa nashona magauni ya Pasaka bila kujua lolote. Nani angeniletea habari? Mimi nilikuwa nani kwake?

Swali hilo ndilo lililonifanya nifunike cherehani, niende kutafuta basi la Tororo. Lakini kabla sijafika huko, lazima nieleze jambo la paa, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini nilimpoteza Muniru kwa neno moja.

Kwetu Wasamia, mume akifa, nyumba yake haizibwi na mtu yeyote tu. Bati likitoboka, linangoja. Mwanamume atakayepanda na nyundo juu ya paa la mjane ndiye aliyeirithi nyumba hiyo, pamoja na aliyemo ndani. Hakuna pete inayohitajika. Watu wakimwona kule juu, jambo limekwisha. Ndiyo sababu ukipita vijijini ukaona nyumba nzuri yenye paa bovu, huna haja ya kuuliza. Humo ndani kuna mwanamke ambaye hajaamua.

Mimi nilikuwa na nyumba ya namna hiyo Bulumbi, katika boma la wakwe zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na binti mmoja, Selpher. Kila mvua za masika zilipokaribia, shemeji yangu Egesa, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama mlangoni pangu na kutazama juu.

"Mulamwa," aliniita, kama tunavyoitana mashemeji, "nyumba ya ndugu yangu inaoza. Mimi bati iko, misumari iko. Wewe nasema nini?"

"Bado, mulamwa."

"Bado mpaka lini? Mpaka samaki waogelee humo?"

"Nikiona samaki nitakuita."

Alicheka na kuondoka. Egesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na subira ya ng'ombe. Mimi sikumtaka, basi. Nilitandaza masufuria chini ya matundu na kulala katikati yake na mwanangu.

Muniru alikuja barazani kwangu mwaka wa 1963, akiwa amejifunga koti kiunoni. Suruali yake ilikuwa imechanwa na bati kutoka mfukoni hadi gotini.

"Mama, naomba unishonee haraka, sina heshima iliyobaki," alisema.

Nilimpa kanga ajifunge, nikaichukua suruali. Alikaa kwenye ngazi za duka, mtu mrefu mwenye mikono yenye makovu madogo madogo, akanitazama nikifanya kazi. Hakunitazama kama wanaume wanavyomtazama mjane. Aliitazama mikono yangu kwanza, kisha uso, kisha akarudi kwenye mikono.

"Wewe unashonea nusu ya mji huu," alisema. "Niambie, nani anahama?"

"Wewe ni mpelelezi?"

"Natafuta nyumba."

"Si ujenge?"

"Kila mtu anajenga, mama. Wanajenga vyumba kumi mstari mmoja, mlango kwa mlango, choo kimoja. Sasa karani wa reli ana watoto wanne. Mkewe anagombana na jirani kila siku juu ya kamba ya nguo. Yule mtu hataki chumba, anataka nyumba. Nyumba moja ya familia moja, na ua wake, na jiko lake. Ziko, ila zimezeeka, wenyewe wamezichoka. Nataka kuzinunua, nizitengeneze, nizipangishe."

"Na mimi nikikuambia nani anahama, napata nini?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya usumbufu kwanza. Faida itafuata."

Nilikata uzi kwa meno ili asinione nikitabasamu. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikujua kama nalijua. Nilimwambia kuwa mtu anayetaka kuhama hashoni pazia. Mke wa askari mstaafu, nyuma ya soko, aliniletea kitambaa cha madirisha sita, na wiki ile ile akarudi akaniambia nikikate kiwe shuka.

Muniru alisimama na kanga yake. "Madirisha sita," alisema polepole.

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa na fedha ambazo shirika la reli lilinilipa kwa ajili ya Osborn, aliyekuwa mfanyakazi wao, yeye alikuwa na akiba na ufundi wake wa kuezeka. Nyumba hazikuwa zikitangazwa kwetu, zilisemwa tu, na wanawake walizisema kwangu wakiwa wamesimama na mikono juu nikiwapima kifua. Huyu anarudi Kisumu kwa watoto wake. Yule amefiwa na hataki tena kuona ua ule. Nilimpelekea Muniru habari, naye alikwenda kugonga mlango.

Alikuwa na namna yake ya kuangalia nyumba. Hakuanza na rangi wala ukuta. "Nyumba huangaliwa kuanzia juu," alisema. Aliniingiza ndani, akafunga madirisha na milango yote, nami nikabaki gizani. Yeye akapanda juu ya paa. Nikatulia mpaka macho yakazoea, na hapo matundu ya mabati yakaanza kuonekana, moja moja, kama nyota.

"Unaona nyota?" aliuliza kutoka juu.

"Ninaziona."

"Ngapi?"

"Kama anga la Disemba, fundi. Tusinunue."

"Tutanunua. Nionyeshe moja baada ya nyingine."

Nilipanda juu ya meza na kusukuma unyasi mrefu katika kila tundu, ili auone ukichomoza upande wake. Aliuvuta, akaweka alama, nami nikaenda kwenye tundu linalofuata. Katika nyumba ile ya askari, sijui lilikuwa tundu la kumi au la kumi na mbili, alivuta unyasi nami sikuuachia. Sikukusudia. Akavuta tena, kidogo. Nikavuta upande wangu. Kati yetu kulikuwa na bati lenye kutu na jua la saa saba. Tulivutana hivyo kwa muda, polepole, mpaka unyasi ukakatika.

"Umekatika," alisema.

"Nina mwingine," nikajibu.

Tangu siku hiyo tuliacha kuitana fundi na mama tukiwa peke yetu. Lakini hakunigusa. Katika mwaka mzima na nyumba tatu, moja Busia na mbili Tororo, tulichoshika pamoja ni unyasi tu.

Mama yake, Hajarah, alitaka kuniona. Walikuwa watu wa malori, familia ya Tororo iliyobeba pamba na chumvi tangu zamani, na nyumba yao ilinukia pilau na dizeli. Alinipokea vizuri, akanilisha vizuri, kisha akaweka mikono magotini.

"Sisi ni watu wa mizigo," alisema. "Kaka zake wanaendesha malori. Huyu peke yake amekataa lori, anabeba nyumba mbovu za watu. Nikanyamaza. Sasa naambiwa amebeba na mjane."

"Mama," Muniru alisema.

"Nasema mbele yake, sisemi mgongoni. Binti, mwanangu akikuoa utasilimu?"

"Sijaulizwa, mama."

"Kusilimu au kuolewa?"

"Vyote viwili."

Hajarah alicheka bila kutaka, akajifuta mdomo kwa ukingo wa mtandio. "Ulimi unao. Nilidhani ni mshonaji bubu." Kisha kicheko kikaisha. "Na mtoto? Ukoo wa baba yake watakuachia umlete kwenye nyumba ya mwanamume mwingine?"

Muniru alinitazama, nami nikatazama sahani. Katika chumba kile sote watatu tulijua jibu.

Nyumba ya nne tuliipata chini ya mwamba wa Tororo, mwezi wa Septemba mwaka wa 1964. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyekwenda kuishi na wanawe. Vyumba vitatu, jiko la nje, ua wenye mti wa mpera. Nilileta habari zake na kuongeza fedha za mwisho nilizokuwa nazo, lakini Muniru hakuniita kuhesabu nyota. Alisema hii ataishughulikia mwenyewe. Akaniomba jina langu kamili kwa ajili ya karatasi, kama alivyoliomba mara tatu za kwanza, nami nikampa bila kufikiri.

Mwezi wa Novemba alikuja Bulumbi.

Lori la kaka yake lilimwacha barabarani, naye akakata njia ya mashambani na ngazi ya mbao begani. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wote wakiwa shambani au nje ya nyumba zao. Mtu haendi na ngazi kwa siri. Alipofika bomani kwetu tayari kulikuwa na wanawake kumi nyuma yake na majembe yao, wakijifanya wanapita.

Egesa alikuwa ananoa panga. Hakusimama.

"Fundi, umepotea njia?"

"Sijapotea, mzee Egesa. Nimekuja kwa ajili ya paa hili."

"Paa hili iko na wenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mchana."

Egesa alilijaribu panga kwa kidole gumba, akaliweka chini. "Wewe ni mtu wa Tororo, mtoto wa malori. Labda hamjui mambo yetu."

"Nayajua. Nimeuliza kabla ya kuja. Kwetu tungefunga ndoa kwa shehe, na hilo litafuata akikubali. Lakini sikutaka mtu aseme nilimchukua kwa mlango wa nyuma."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na unga mikononi. Nakumbuka nilifikiri kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifanyia heshima kubwa namna hiyo, na kwamba ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenichukua kwa mlango wa nyuma.

Egesa alinigeukia. "Mulamwa, sema mwenyewe. Mimi sina ugomvi. Huyu akipanda, wewe natoka na nguo zako, na cherehani yako, na hakuna mtu atakutukana. Lakini Selpher ni wa Osborn. Selpher anabaki. Ndivyo iko."

Muniru aliiegemeza ngazi ukutani, kisha akanisogelea. Alisema kwa sauti ya chini, lakini boma zima lilikuwa kimya, nadhani walisikia.

"Peninah. Mtoto tutamdai. Nitakwenda kwa chifu, kwa padri wenu, kwa yeyote mwenye sikio. Lakini lazima kwanza niwe na haki ya kusema. Hapa chini mimi ni fundi tu."

"Na wakikataa?"

"Tutarudi tena."

"Na wakikataa tena?"

"Nyumba ile ya chini ya mwamba sijampangishia mtu," alisema. "Ina chumba cha Selpher. Dirisha lake linatazama mpera. Haina nyota hata moja, nimehesabu mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, akingoja, kisha akarudi kwenye ngazi. Nadhani alichukulia kimya changu kuwa ruhusa. Labda kilikuwa ruhusa. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono wake mmoja uligusa ukingo wa bati.

Hapo Selpher akatoka ndani, amevaa gauni nililomshonea kwa mabaki ya pazia. Alikuwa na miaka sita. Alishika sketi yangu na kutazama juu.

"Mama, anatuzibia?" aliuliza. "Leo hatutaweka masufuria?"

Nilimwona mwanangu akibaki katika boma lile na mimi nikiwa mbali, upande wa pili wa mashamba, chini ya paa lisilovuja. Niliwaza usiku wa mvua akisogeza masufuria peke yake.

"Shuka," nilisema.

Muniru hakugeuka. "Peninah."

"Shuka, Muniru."

Alikaa pale kwenye kidato cha tatu, mkono bado juu ya bati. "Sema mara ya tatu," aliniambia, "nisikie vizuri."

Sikusema mara ya tatu. Nilitazama chini, kwenye unga uliokauka vidoleni mwangu, na hilo lilimtosha.

Alishuka. Mwanamke mmoja nyuma alicheka, mwingine akamkemea. Muniru alitoa mfukoni ufunguo wa nyumba ile akauweka katika kiganja changu chenye unga na kukifunga kwa mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika.

"Huu sikuuleta kwa masharti," alisema.

"Ngazi yako," Egesa alimwambia, alipomwona anaondoka mikono mitupu.

"Iacheni. Itawafaa."

Iliwafaa kweli. Egesa aliitumia kupandia ghalani miaka mingi, na kila nilipomwona juu yake na kikapu cha mahindi nilihesabu vidato bila kutaka. Kimoja, viwili, vitatu.

Sikumpa Egesa paa langu. Aliuliza mwaka mmoja zaidi, kisha akamrithi mjane mwingine, wa binamu yake, mwenye paa la nyasi. Mimi nikaendelea na masufuria.

Selpher alipotimiza miaka tisa, walikuja kumchukua. Egesa alisema dada yake wa Lumino anahitaji mtu wa kumsaidia, na tena si vizuri mtoto wa kike kulelewa na mjane asiye na mtu. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu. Nilimfungia mwanangu nguo zake katika kitambaa nikamsindikiza hadi barabarani. Mtoto niliyemkataa Muniru kwa ajili yake waliondoka naye hivyo hivyo, mchana kweupe, na hakuna hata ngazi iliyohitajika.

Siku hiyo ningeweza kwenda Tororo. Ufunguo ulikuwa chini ya godoro, na basi lilikuwa linapita. Sehemu yangu ya kodi za nyumba Muniru alikuwa akinitumia kila mwisho wa mwezi kwa dereva wa lori, ndani ya bahasha, bila neno lolote. Nilijiambia kwamba mtu anayetuma bahasha tupu ya maneno ameshaoa. Sikuuliza. Mtu asiyeuliza hujibiwa na woga wake.

Nami nikangoja mpaka yule mtu akaja kununua misumari.

Nilimkuta Hajarah amekaa juu ya mkeka katika chumba kile kile, akiwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilipiga magoti.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa." Alinisogezea nafasi kwenye mkeka. "Nilikulaumu miaka minne. Nilimletea wasichana watatu, wazuri, wenye dini. Wa mwisho alikuwa na macho kama ya swala. Alimpa soda akamrudisha kwao. Sasa sina tena nguvu za kukulaumu."

"Nilaumu tu, mama."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Nenda basi. Nyumba ile si yetu, mimi sina la kukuonyesha huko."

"Ni ya nani?"

"Nenda, mwanangu," alisema, akanishika kichwa kidogo, kama anayebariki au anayenisukuma.

Mawingu yalikuwa yameshuka hadi nusu ya mwamba nilipofika. Mpera ulikuwa umekua. Kulikuwa na nguo za watoto kwenye kamba. Basi aliipangisha, nikafikiri, na nikashangaa jinsi wazo hilo lilivyoniuma. Nilibisha hodi.

Mwanamke mmoja wa Kiteso alifungua, mtoto mgongoni. Alianza kuniambia kwamba mwalimu hayuko nyumbani, kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu ulioshika ufunguo.

"Wewe ni Peninah Taaka," alisema.

"Umenijuaje?"

"Nimekaa na jina lako miaka minne." Alisogea nipite. "Karibu nyumbani kwako. Mimi naitwa Alungat, mke wa mwalimu Ilukor."

Aliniketisha, akaingia chumbani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa mapatano ya upangaji, kwa mwandiko wa Muniru ninaoujua. Mwenye nyumba, iliandikwa, ni Peninah Taaka wa Bulumbi. Na chini, baada ya habari za kodi na usafi wa choo: *Siku mwenye nyumba atakapokuja na ufunguo wake, mpangaji atapewa mwezi mmoja kuondoka, bila ubishi.*

"Mwalimu alitia sahihi, akaniambia tusipigilie msumari ukutani," Alungat alisema. "Picha yetu ya harusi iko chini ya kitanda mpaka leo. Kila tukisikia hodi ya mwanamke, nilikuwa nasema, haya, amekuja. Ni wewe kweli? Nilidhani utakuwa mrefu."

"Sijaja kuwatoa."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Nilitazama juu. Hakukuwa na dari, ni boriti na mabati tu, yamepangwa sawasawa, na kulikuwa na giza safi bila nyota.

Alungat alifuata macho yangu. "Paa hilo," alisema, "alilipanda mwenyewe. Kila Februari, kabla ya mvua. Mafundi alikuwa nao, lakini hapa alikuja peke yake. Mimi nilisimama ndani na unyasi. Nikisukuma, yeye anaushika kule juu, halafu anakaa nao kidogo bila kuuvuta. Kama anangoja kitu. Mimi nilikuwa naachia tu. Sikujua anangoja nini."

"Hukukosea," nilimwambia.

"Mwezi uliopita alikuja anakohoa. Nikamwambia, fundi, hakuna tundu hata moja, nitausukuma unyasi wapi? Unapanda kutafuta nini? Akasema, niache nipande, hili mwenyewe hajanikataza."

Mvua ilianza hapo, kwa matone makubwa yaliyotawanyika, kisha yote kwa pamoja. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyakua sufuria lililokuwa karibu na mlango, nikaliweka katikati ya sakafu, kabla sijajua ninachofanya. Alungat alinitazama, na mtoto mgongoni akanitazama.

"La nini?" aliuliza kwa upole. "Hapa hapavuji."

Tulisikiliza. Mvua ilipiga juu yetu kwa nguvu zake zote, na sufuria likabaki kavu.

Februari tano, nilihesabu. Juu ya paa lenye jina langu, mchana, mbele ya majirani, na nyundo mkononi. Alikuwa ameniambia kwamba aliyajua mambo yetu, kwamba aliuliza kabla ya kuja.

Niliteremka kwenye kiti, nikavua viatu, nikaketi chini sakafuni na kunyoosha miguu, kama wanavyoketi wajane kwetu wakiwalilia waume zao. Alungat alikwenda akafunga madirisha.